Gari la Kwanza la Kijana: Nunua Hali, Usinunue Jina

Wasomaji wamekuwa wakituuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mzazi anaandika: "Mwanangu ametimiza miaka 18, leseni anayo, chuo kiko mbali. Nimtafutie gari gani lisilo la bei kubwa?" Kijana anauliza kwa kifupi zaidi: "IST au Vitz?" Wote wawili wanataka jina la gari. Majina tutayataja, lakini hayatoshi. IST mbili za mwaka mmoja zinaweza kusimama pamoja kwenye yadi, moja ikamtumikia kijana miaka mitano, nyingine ikamaliza akiba ya nyumba kabla mwaka haujaisha. Kinachozitofautisha ni matunzo, karatasi, na fedha alizobakiza mnunuzi siku ya kununua.

Makala hii ni ya msomaji wa Tanzania anayetafuta gari ambalo tayari limetumika hapa nchini. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke hata moja.

## 1. Gawanya fedha kabla ya kwenda kuangalia gari

Mwenye milioni 10 hutafuta gari la milioni 10. Siku anapokabidhiwa funguo, hana hata ya kubadilisha oili. Tenga angalau sehemu moja kati ya tano ya fedha zako usiiguse. Kwa milioni 10, gari lisizidi milioni 8. Inayobaki ina kazi hizi:

- malipo ya fundi wa kulikagua na kulipima kwa mashine;
- ada za kuhamisha umiliki TRA, pamoja na ushuru wa stempu;
- bima;
- huduma ya kwanza: oili, filta, plagi, maji ya rejeta, brekipedi;
- matairi, ambayo wauzaji wengi huacha yaishe kabisa kabla ya kuuza;
- akiba ya dharura kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Kisha kaa na kijana mpige hesabu ya mwezi: mafuta, maegesho, huduma. Amueni nani analipa nini. Gari lisilo na fedha ya huduma huendeshwa hivyo hivyo hadi lisimame.

Wengine watasema: "Si bora la bei ya chini kabisa ajifunzie, hata akiligonga si hasara?" Kijana ndiye atakayekuwa ndani yake siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya ajali za barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Dereva mgeni hukosea, hilo haliepukiki. Anahitaji gari linaloweza kufunga breki vizuri anapokosea.

## 2. Linganisha gari na safari zake

Injini ya cc 1000 hadi 1500 inamtosha. Haya ndiyo magari ambayo spea zake zinapatikana Kariakoo na mikoani, na mafundi wanayafahamu:

- Toyota IST ya toleo la kwanza, lililoanza 2002. Ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, rahisi kutunza. Soma chasisi: NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500. Usilipie bei ya moja ukapewa nyingine. Nyingi zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni. Kiti cha nyuma kilichochakaa kuliko cha mbele, vitasa vya milango ya nyuma vilivyolegea na alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi vitakuambia.
- Toyota Vitz na Passo. Za cc 1000 hula mafuta kidogo na huegeshwa popote. Zinafaa safari za mjini. Passo ya cc 1000 ina silinda tatu, kwa hiyo mtikisiko mdogo ikiwa imesimama ni kawaida yake. Mlio wa kugonga si kawaida.
- Toyota Runx, Allex, Premio na Allion za cc 1500. Ni nzito kidogo na zimetulia zaidi kwenye barabara kuu. Kama kijana atakuwa anakwenda Morogoro au Dodoma mara kwa mara, anza hapa. Premio na Allion za cc 2000 zenye injini ya D-4 ziache: mfumo wake wa mafuta ni ghali kutengeneza na mafundi wanaoumudu ni wachache.
- Nissan Note, Honda Fit, Mazda Demio, Suzuki Swift. Ni magari mazuri, ila hakikisha kwanza kwamba fundi wako anayajua. Mengi yana giaboksi ya CVT, ambayo haivumilii kuwekewa mafuta yasiyo yake.

Altezza, Mark X, Crown na Subaru zenye turbo zisubiri. Zina nguvu kuliko uzoefu wa dereva wa miaka 18. Hata gari la Ulaya la kifahari linalouzwa bei poa lisikuvute: bei yake imeshuka kwa sababu gharama ya kulitunza haijashuka.

"Lakini gari kubwa linalinda zaidi." Ni kweli kwamba uzito husaidia magari yakigongana. Ila gari refu la zamani hupinduka kirahisi zaidi, huchelewa kusimama, na hukaribisha marafiki saba. Gari la wastani lenye breki nzima ni chaguo salama zaidi kwa anayeanza.

"Na kuagiza Japani?" Inawezekana, ila utanunua kwa picha na kusubiri meli. Kabla ya kutuma hata shilingi, ingiza taarifa za gari kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni uone kodi yake. Wengi hushangaa kuona kodi inakaribia bei ya gari lenyewe.

## 3. Soma tangazo kwa makini

- "Namba D", "namba E". Herufi hiyo inaonyesha lini gari limesajiliwa Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Namba E inaweza kuwa ya gari kuukuu kuliko la namba D. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya usajili. Mara nyingi hata lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti huwa na tarehe.
- "Kilomita chache." Kilomita hurudishwa nyuma kwa mashine. Linganisha na mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 60,000 na pedali iliyosuguka hadi chuma haviendani.
- "Rangi mpya." Uliza ilipakwa kuficha nini.
- "Mwenye nalo anasafiri, linatakiwa kuondoka leo." Haraka hiyo ni yake, si yako.

## 4. Likague likiwa la baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, omba kurudi siku nyingine asubuhi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi.

1. Oili. Chomoa kijiti, kisha fungua mfuniko wa oili. Ute mweupe kama maziwa mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye oili. Usiendelee.
2. Rejeta. Ifungue ikiwa ya baridi tu. Maji yenye kutu yanaonyesha limeendeshwa bila kulanti. Uliza pia kama thamostati imetolewa na feni kuungwa moja kwa moja. Mafundi wengi hufanya hivyo gari likichemka, na chanzo cha kuchemka hubaki palepale.
3. Moshi wakati wa kuwasha. Wa bluu: linachoma oili. Mweupe mzito usiokatika: huenda maji yanaingia kwenye injini. Mweusi: linamwaga mafuta kupita kiasi.
4. Taa za dashibodi. Funguo ikiwekwa kuwasha umeme, taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa lazima ziwake, kisha zizime. Inayobaki imewaka ina tatizo. Isiyowaka kabisa ni hatari zaidi, maana huenda imezimwa makusudi.
5. Vioo. Vingi huchongwa namba ya gari kuzuia wizi. Namba iliyochongwa ikitofautiana na ya kwenye gari, uliza kioo kilitoka wapi.
6. Bodi. Likague mchana, likiwa kavu. Tazama nafasi kati ya milango na boneti pande zote mbili, ziwe sawa. Inua zulia la buti na uangalie kama chuma kimekunjwa au kuchomelewa. Kwa magari ya Pwani na visiwani, chungulia kutu chini.
7. Matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka zaidi ya sita, hata likiwa na meno, lihesabu kama la kubadilishwa na upunguze bei.

## 5. Usiruke usalama kwa sababu gari ni zuri

Vuta kila mkanda kwa ghafla: lazima ukabe. Uliochanika au kufungwa fundo haufai. Mfuko wa hewa wa usukani usiwe na mfuniko uliogundishwa.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani imekuwa ikipasuka vibaya na kurusha vipande vya chuma, na imeua watu katika nchi kadhaa. Toyota, Honda, Nissan na Mazda ni miongoni mwa kampuni zilizolazimika kuita magari yao ili kubadilisha mifuko hiyo, mengi yakiwa ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Joto na unyevu wa muda mrefu ndivyo huiharibu, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Andika namba ya chasisi, uipeleke kwa wakala rasmi wa kampuni iliyotengeneza gari, uulize kama gari hilo limo kwenye orodha na kama mfuko ulibadilishwa. Swali hilo linaweza kuokoa maisha ya mwanao.

## 6. Liendeshe nusu saa, kisha mlipe fundi wako

Kuzunguka yadi si kulijaribu gari. Lipeleke kwenye mlima, barabara ya mashimo, foleni, na sehemu ya kukimbia kidogo.

- Hamisha gia kutoka R kwenda D ukiwa umekanyaga breki. Ikichelewa kushika au ikirusha gari kwa kishindo, giaboksi ina kasoro.
- Giaboksi ya CVT ikitetemeka wakati wa kuondoka polepole, achana nalo.
- Kata kona hadi mwisho kulia na kushoto. Mlio wa kukatakata ni viungio vya ekseli.
- Funga breki kwa nguvu mahali salama. Lisivute upande.
- Washa kiyoyozi kwenye foleni. Lisichemke, lisizime.
- Ukirudi, liache lingurume dakika kumi, kisha tazama chini kama kuna matone.

Baada ya hapo ndipo fundi huja, na awe wako, unayemlipa wewe. Fundi wa dalali ana mlipaji mwingine. Alipandishe juu, alipime kwa mashine na akuandikie kila kasoro pamoja na gharama yake. Muuzaji anaweza kufuta makosa kwenye kompyuta asubuhi hiyo, kwa hiyo lipimwe baada ya kuliendesha, si kabla. Asiyekubali gari lake likaguliwe amekujibu tayari.

## 7. Karatasi kwanza, fedha baadaye

1. Linganisha kadi na gari. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi.
2. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, naye awepo na kitambulisho chake. Magari mengi yamepita mikono mitatu bila kuhamishwa. Wa kwanza akikataa kusaini au akiwa amefariki, tabu ni yako.
3. Hakikisha TRA kwamba kadi ni halali. Kadi ambayo "iko benki" ina maana gari ni dhamana ya mkopo. Kadi mpya iliyotolewa kwa sababu ya zamani "kupotea" nayo ichunguzwe kwa makini.
4. Angalia madeni kwa namba ya gari: faini za polisi wa usalama barabarani na maegesho ya TARURA, yote kwenye mifumo yao ya mtandaoni. Yalipwe na muuzaji kabla ya kusaini.
5. Gari la namba za Zanzibar linalouzwa Bara lina taratibu zake za kodi. Pita TRA kwanza.
6. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, wenye namba za gari, bei halisi na saini za mashahidi. Usikubali kuandika bei ya uongo ili kupunguza ada. Mgogoro ukitokea, utadai ile iliyoandikwa.
7. Lipa kwa benki, kwa akaunti ya mwenye jina kwenye kadi. Usilipe "advansi ya kulishikilia" kwa dalali.
8. Hamisha umiliki mara moja. Kama gari litakuwa kwa jina la kijana, awe na TIN na namba ya NIDA mapema.

## 8. Bima: fahamu unachonunua

Bima ndogo ni ya lazima kisheria, nayo hulipa madhara utakayowasababishia wengine. Gari lako halimo. Bima kubwa hulipia na gari lako, na bei yake hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukiimudu, kwa mwaka wa kwanza wa dereva mgeni ichukue.

Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: je, dereva wa umri huu, mwenye leseni mpya, amekubaliwa? Na ajali ikitokea, mimi nitachangia kiasi gani? Jina la kijana litajwe kwenye fomu. Kuficha kwamba anayeendesha ni kijana ili bei ipungue ni kuwapa sababu ya kukataa kulipa. Kisha hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA.

## 9. Makosa tunayoyaona mara kwa mara

- Kuanza na rangi, rimu na redio, kisha kutafuta sababu za kusamehe injini.
- Kwenda peke yako. Nenda na mtu asiyelipenda gari hilo.
- Kwenda usiku au mvua ikinyesha, wakati mikwaruzo haionekani.
- Kumwachia dalali ahamishe umiliki kwa niaba yako.
- Kulinunua la kwanza uliloliona. Kagua matatu kabla ya kuamua.
- Kumficha kijana bei na kasoro. Asiyejua gari limegharimu nini hana sababu ya kulihurumia.

## 10. Mwezi wa kwanza

Usiamini huduma uliyoambiwa imefanyika jana. Badilisha oili na filta zote, weka kulanti, kagua breki na mafuta yake. Mafuta ya giaboksi yabadilishwe kwa aina iliyotajwa na mtengenezaji, si ile iliyopo dukani.

Kabla kijana hajaondoka peke yake, ahakikishe anaweza:

- kupima oili na maji;
- kujaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva;
- kubadilisha tairi mwenyewe, jeki na spana vikiwemo;
- kutambua taa. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto: taa ya bluu ni injini ya baridi, nyekundu ni kuchemka. Nyekundu ikiwaka, anaegesha na kuzima papo hapo. "Nifike kwanza hapo mbele" ndiyo huua injini.

Mkubaliane pia masharti ya miezi sita: hakuna safari za usiku peke yake, hakuna zaidi ya abiria wawili, simu inakaa mbali na mkono, na kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ni 50 hata barabara ikiwa tupu. Yaandikeni, msaini wote wawili, na mzazi ayafuate pia anapoliendesha.

Mwisho, mnunulie daftari dogo likae kwenye droo ya dashibodi. Kila oili iliyobadilishwa, kila tairi na kila spea iandikwe tarehe, kilomita na bei, na risiti ibanwe humo. Miaka mitatu ijayo gari hili litauzwa. Kijana akiwa na daftari hilo mkononi, mnunuzi hatahitaji kubahatisha hali ya gari, na bei atakayoipata haitakuwa ya kubahatisha pia.